Kilemba Kabla ya Kazi

Silvanus alikuwa na kazi mbili, moja ya mshahara na moja ya moyo, na ile ya moyo ndiyo iliyomfanya achukiwe na watu. Ya mshahara ilikuwa masijala katika ofisi moja ya Kibaha, kupokea majalada na kuyapanga mahali ambapo hakuna atakayeyapata tena. Ya moyo ilikuwa uenyekiti wa Ligi ya Barabara Kuu, na ligi hiyo yote iliishi ndani ya simu.

Mchezo wenyewe unaitwa Benchi. Unajisajili, unapewa timu ya mpira ya wachezaji ishirini ambao hawajapata kuzaliwa na mama yeyote, unawapanga, unawanunua, unawauza, unawalea chipukizi, na kila Jumamosi saa kumi na moja jioni mitambo inachezesha mechi zote na kukuletea matokeo. Kukimbia hakuna, jasho hakuna. Kinachochoka ni kichwa. Silvanus, mtu wa miaka thelathini na sita, mwenye chumba na sebule pale Mkuza, alikuwa amechukua kombe misimu saba mfululizo na timu yake ya Mkuza Radi. Makombe saba ya rangi ya dhahabu yalijipanga juu ya ukurasa wake, na kila asubuhi aliyatazama kabla hajapiga mswaki. Nje ya ukurasa huo hakuwahi kushinda kitu, hata ile bahati nasibu ya sherehe ya ofisi ambayo karibu kila mtu hutoka na beseni. Usimcheke sana. Wako wanaoishi na kufa bila hata hayo saba.

Sasa makombe yalikuwa hatarini. Sheria ya Benchi haina huruma: Jumamosi ya mwisho ya msimu, ligi isipokuwa na makocha kumi waliopanga kikosi kabla ya saa kumi na moja, inavunjwa. Timu zake zinatawanywa kwenye ligi za watu wa mbali, na historia yake yote inafutwa, makombe yakiwemo. Na asubuhi ya Jumamosi hiyo ya mwisho, Ligi ya Barabara Kuu ilikuwa na makocha tisa.

Si kwamba wageni hawakuja. Wageni wanane waliingia msimu ule na wote wanane wakatoka, mmoja hakumaliza hata siku mbili. Silvanus alisema vijana wa siku hizi ni legelege. Uongo mtupu. Aliwakimbiza mwenyewe, kwa utaratibu aliouanzisha na kuupenda kama mtoto wa kumzaa. Mgeni akishaingia, kwanza alitakiwa aandike kwenye ubao wa ligi, ule unaosomwa na makocha wote, maneno haya: "Shikamooni wakubwa zangu." Umri wake haukuulizwa, ukubwa ulihesabiwa kwa misimu. Wenyeji waliitikia mmoja mmoja, marahaba, marahaba, na wale wenye kiburi zaidi wakaongeza: "Kalale." Pili, mgeni alicheza mechi ya kirafiki na Mkuza Radi, akapigwa tisa au kumi. Tatu, alitoa kilemba.

Hapo pa kilemba ndipo penye kisa. Watu wa pwani wanajua kilemba ni ile zawadi ambayo mwanafunzi humpa fundi wake siku anapofuzu, kumshukuru kwa ujuzi aliomkabidhi. Silvanus, mtu wa bara, alilisikia neno hilo likamkaa vizuri mdomoni, akalichukua akaiacha desturi yake. Kwenye ligi yake kilemba kilitolewa siku ya kuingia, kabla mgeni hajaonyeshwa hata namna ya kubadilisha golikipa. Mchezaji mmoja chipukizi, yule anayeonyesha dalili, alihamia Mkuza Radi bure. Mgeni hajui thamani ya alichonacho, anabonyeza "kubali." Baada ya wiki anagundua kwamba amempa mwenyekiti mboni ya jicho lake, anafunga mchezo na hafungui tena.

Basi saa nne ya asubuhi hiyo Silvanus alisimama mlangoni mwa fremu ya Eugenia, mtaa wa Kwa Mathias. Eugenia alikuwa fundi cherehani wa sare za shule na pia katibu wa ligi, cheo alichopewa na Silvanus mwenyewe kabla hawajaanza kuchukiana. Alimwona, akaendelea kukanyaga cherehani.

"Mambo vipi, katibu."

"Sina mambo na wewe."

"Tuko tisa, Eugenia."

"Kuhesabu najua."

"Basi sajili mtu. Mteja, shemeji yako, mtu yeyote."

Eugenia alisimamisha cherehani, akamkata jicho. "Aliyesajiliwa leo hahesabiwi mpaka zipite siku kumi na nne. Mwenyekiti mzima, sheria nikusomee mimi? Au jisajili mara mbili kama mwaka jana. Si walikunasa wakakupa onyo la mwisho?"

Silvanus alitazama barabarani. Hakupenda kukumbushwa habari ile, na hasa hakupenda kukumbushwa na mwanamke aliyeshika mkasi.

"Mwezi wa tatu niliandika ubaoni mambo matatu," Eugenia aliendelea. "Mchezaji wa mgeni asinunuliwe wiki ya kwanza. Mgeni aanze kwa kucheza na timu dhaifu, ashinde hata mechi moja, aonje utamu. Mgeni akiuliza, ajibiwe siku hiyo hiyo. Mambo matatu tu, Silvanus. Ulifanya nini?"

"Ubao ulikuwa umejaa."

"Ulifuta! Ukaandika, 'Hii ligi si chekechea.' Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo tulivyolelewa. Wewe mgeni akija unamgeuza kitoweo. Leo umebaki na sufuria tupu, unakuja kwangu kuomba mboga."

Wateja wawili waliokuwa wakisubiri sketi walitazamana wakabana kicheko. Silvanus alijikaza kisabuni. Angekuwa na njia nyingine angemtukana Eugenia mpaka barabara kuu nzima isikie, na moyoni alimtukana hivyo hivyo, kwa mpangilio, kuanzia cherehani mpaka ukoo. Mdomoni alisema, "Nisaidie."

Eugenia alimwacha asimame kidogo, akashona upindo wa sketi mpaka mwisho ndipo akamjibu. "Ipo nafasi moja ambayo haijafungwa. Seremala FC. Ana siku ishirini na nane hajaingia, nafasi inafungwa siku ya thelathini. Akipanga kikosi leo, anahesabika."

"Yule dogo wa Kisarawe? Nipe namba."

"Nimempigia mara tatu. Anasema habari za watu wasio na adabu haziongelewi kwa simu. Nenda mwenyewe. Karakana ya useremala, nyuma ya kanisa Katoliki. Ukifika uliza Seremala." Kisha akatabasamu, na Eugenia hakuwa mtu wa kumtabasamia Silvanus bure. Silvanus aliliona tabasamu lile lakini hakulipima.

"Dogo gani huyo wa kufuatwa mpaka kwake kama posa?"

"Mtaka cha uvunguni sharti ainame," alisema Eugenia, akakata uzi kwa meno na kuendelea na kazi yake.

Silvanus alipanda pikipiki yake akashika njia ya Kiluvya kwenda Kisarawe. Pikipiki nayo ikaamua kumkomoa: ilizima mara mbili njiani, na kwa fundi wa pili akakaa saa nzima akitazama plagi ikisuguliwa. Njia nzima alikuwa akipanga maneno. Dogo, acha utoto. Dogo, mpira ni kipigo. Dogo, hata mimi nilifungwa msimu wa kwanza. Hayo ya mwisho hayakuwa kweli, lakini yalisikika vizuri ndani ya kofia ngumu. Alijaribu kumkumbuka huyo Seremala FC na hakupata mengi. Dogo aliandika shikamooni yake bila ubishi, tena na nukta mwishoni. Alipigwa kumi bila. Halafu akaanza maswali: golikipa anabadilishwaje, mazoezi ya mabeki ni yapi, kwa nini winga wangu anachoka. Hakuna aliyemjibu isipokuwa Eugenia. Kilemba chake kilikuwa golikipa mmoja.

Alifika saa tisa kasorobo. Karakana ilikuwa banda la mabati lililojaa harufu ya mbao za mninga, na ndani yake mzee mmoja mwembamba, mguu mmoja ameunyoosha juu ya kigoda na gongo limeegemezwa ukutani, alikuwa akipiga randa ubao wa mlango. Silvanus alivua kofia.

"Shikamoo mzee."

Haikumgharimu kitu. Mtu aliyelelewa haifikirii shikamoo, inamtoka yenyewe kama pumzi.

"Marahaba mwanangu, karibu. Chukua stuli hiyo. Gundi yake haijakauka, kwa hiyo kaa kwa adabu."

Silvanus aliketi kwa adabu. "Namtafuta kijana mmoja, mzee. Seremala. Nadhani ni mwanafunzi wako."

"Una shida naye gani?"

Hapo Silvanus, ambaye tangu asubuhi alikuwa amebeba hasira bila pa kuitua, akaitua. "Ametuacha njia panda, mzee. Tuna ligi yetu ya mpira kwenye simu. Tukampokea vizuri, akacheza wiki mbili, akasusa. Kisa? Alifungwa. Vijana hawa ni nyanya kabisa, ukiwagusa wamepasuka. Halafu maswali! Kila saa anauliza, utadhani yuko darasani."

"Mlimpokea vizuri," alisema mzee, akipuliza maranda kwenye randa.

"Kwa utaratibu wetu. Mgeni anaamkia wakubwa zake, tunamwitikia. Tunamfunza adabu kidogo."

"Naye akaamkia?"

"Tena vizuri! 'Shikamooni wakubwa zangu.'" Silvanus alicheka peke yake.

"Ukaitikia."

"Nikaitikia. Nikamwambia, marahaba, kalale."

Randa ilisimama. Mwanamke wa makamo alitoka nyumba ya jirani na karakana akiwa na jagi la maji na bilauri, akasimama pale pale katikati ya uwanja. Alikuwa Monica, binti wa mzee, na alikuwa amesikia.

"Baba," alisema, "ndiye huyu?"

"Ndiye."

Mzee alifuta mikono kwenye aproni, akatoa simu mfukoni, akaifungua bila haraka na kumwelekezea Silvanus. Juu ya kioo kilichopasuka pembeni paliandikwa Seremala FC, na chini yake jina la kocha: Calist, fundi.

 Silvanus aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayomfanya mtu atamani gundi ya stuli iwe imekauka ili awe na sababu ya kutonyanyuka. Alinyanyuka.

"Mzee, mimi... sikujua."

"Hukuuliza." Mzee Calist hakupandisha sauti. "Mwezi wa pili nilianguka kwenye kenchi ya paa nikivuta bati, nikalazwa hospitali ya Tumbi na mguu umening'inizwa. Monica akaona tangazo la yule dada fundi cherehani, akanitilia mchezo kwenye simu nisife kwa upweke. Nikafurahi. Ujana wangu nilidaka mpira, watu wa Kisarawe wanajua. Mliponiambia niamkie, nikasema vijana wanatania, nikaandika. Halafu nikalala nikisubiri mmoja aulize, ndugu, una umri gani? Nikapata marahaba tisa. Nina miaka sitini na minane."

"Nilimsomea moja moja," alisema Monica, "kwa sababu miwani yake ilivunjika alipoanguka. Nilimsomea na hilo la kalale. Lilikuwa la kwako."

Silvanus aligeuzageuza kofia mikononi. 

"Sasa niambie habari ya kilemba," alisema mzee. "Karakana hii imefuzisha vijana kumi na wanne. Kila mmoja alinipa kilemba, huyu jogoo, yule shuka, mwingine msumeno mpya. Lakini alikitoa siku aliyotengeneza mlango ukafungwa bila kukwaruza sakafu. Hakuna niliyemdai kabla hajashika randa. Wewe ulinifundisha nini, mpaka ukachukua golikipa wangu?"

"Ni utaratibu tu, mzee."

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Golikipa. Wa miaka kumi na saba. Nilimpa jina langu, Calist."

Silvanus alikumbuka, na angetoa mshahara wa mwezi asikumbuke. Alimweka yule golikipa benchi wiki tatu. Wiki ya nne alihitaji nafasi ya mshambuliaji mpya, akamwachia. Na kwenye Benchi mchezaji aliyeachiwa harudi kwa mtu.

"Nilimwachia, mzee."

"Akaenda timu gani?"

"Haendi timu. Anafutika."

Mzee Calist alitikisa kichwa taratibu, mara mbili, akautazama mguu wake kwenye kigoda. Monica aliweka jagi chini kwa kishindo, maji yakaruka. "Mfukuze, baba. Anakaa kwenye stuli yako, anacheka uso wako. Mfukuze aende zake."

"Mzee, ligi inavunjwa leo," Silvanus alisema haraka, sauti ikimtoka nyembamba asiyoitambua. "Saa kumi na moja. Tuko tisa. Usipopanga kikosi, makombe yangu saba yanafutika. Miaka miwili, mzee. Sina kitu kingine."

"Yanafutika kama golikipa wangu?"

"Kama golikipa wako."

"Basi unajua ladha yake." Mzee alichukua kipimo akapima ubao, akaweka alama kwa penseli, akapima tena. Alifanya hivyo muda mrefu. Silvanus aliahidi wachezaji wake watatu bora, halafu watano. Aliahidi kufuta kilemba. Aliahidi kumpandisha mzee awe makamu mwenyekiti, na Monica akasonya kwa nguvu mpaka kuku aliyekuwa uani akahama.

"Sitaki chako," mzee alisema mwishowe. "Kilemba changu umeshakila, kimeshuka. Nataka kimoja tu. Niamkie."

"Nimekuamkia, mzee. Pale mlangoni, nilipoingia."

"Pale mlangoni ulimwamkia mzee mwenye karakana. Uliyemkosea yuko ubaoni. Niamkie pale mliponiamkisha, wasome wote waliosoma siku ile."

Ilikuwa saa kumi na dakika ishirini. Silvanus alitoa simu, akafungua ubao, akaandika, akafuta. Aliandika tena. Mtu angemwona angesema anaandika wosia. Na kwa kweli kilichomshika mkono hakikuwa heshima wala majuto, kilikuwa kiburi kitupu. Alikuwa na nyuso nane mbele yake: Khalfani aliyefungwa fainali nne na anayengoja siku ya kulipiza, Hashiru mwenye ulimi wa pilipili, na yule Eugenia na mkasi wake. Misimu saba aliitikia tu, hakuwahi kuamkia. Akafikiri: yaache yafutike. Akafungua ukurasa wake, akayaona makombe yake saba yamejipanga, akarudi ubaoni.

Aliandika: "Shikamoo Mzee Calist. Mimi Silvanus, mwenyekiti." Akabonyeza kabla mkono haujamsaliti.

 Kisha Khalfani akaandika, "Mwenyekiti, umeibiwa simu?" Hashiru akaandika, "Huyo mzee ni nani tena?" Eugenia akaeleza kwa mistari miwili, ni nani, ana umri gani, alikuwa wapi siku ile. Wanne wakamwomba mzee radhi mmoja baada ya mwingine. Wengine hawakuwa na muda wa radhi. Walikuwa na hamu ya miaka miwili. Khalfani alianza: "Silvanus, kalale." Mwingine akafuata: "Kalale." Na mwingine. Silvanus alisoma kila moja, na kila moja ilikuwa imetengenezwa na yeye.

Mzee Calist alivaa miwani yake mipya, akasoma ubao kutoka juu hadi chini, midomo ikicheza. Kisha akafungua kikosi chake akaanza kupanga. Hakuharakishwa na mtu. Alimuuliza Monica kama beki wa kushoto amepona, akamtoa, akamrudisha. Aliitazama nafasi ya golikipa, ambayo mchezo ulimjazia mtu wa jina lisilo na maana, akaiacha hivyo. Zikiwa zimebaki dakika kumi na mbili alibonyeza, na kwenye simu ya Silvanus pakatokea maandishi ya kijani: makocha kumi, ligi imekamilika.

Silvanus alishusha pumzi. "Asante, mzee. Asante sana."

"Haya."

Aliendelea kusimama. Alitazama ubao, akamtazama mzee, akatazama ubao tena. Shikamoo yake ilikuwa pale juu, imezungukwa na kalale za watu, na chini yake hapakuwa na neno la yule aliyeandikiwa.

"Mzee, hujaitikia."

"Sijaitikia."

"Nimefanya ulivyotaka."

"Nilitaka uamkie, umeamkia. Kuitikia ni kwangu." Mzee Calist aliishika randa yake. "Na ile marahaba ya mlangoni, ningejua ni wewe, ningeimeza. Nenda salama."

Monica alichukua ufagio, akaanza kufagia maranda kuelekea mlangoni, naye Silvanus akarudi kinyumenyume mbele ya ufagio mpaka akajikuta nje kwenye jua. Alipowasha pikipiki, Monica alikuwa amefika pale ilipokuwa stuli, anafagia na hapo.

Jioni hiyo Mkuza Radi ilichukua kombe la nane. Hakuna aliyempongeza, na alilitazama mara moja tu.

Msimu uliofuata Eugenia alirudisha mambo yake matatu ubaoni na safari hii hakuna aliyethubutu kuyafuta. Kuamkishana kukafa. Marafiki wawili wa Silvanus waliona ligi imekuwa chekechea, wakajitoa kwa matusi, wakabaki wanane. Lakini Mzee Calist alikuwa na mguu mbovu na muda mwingi, na kila mgeni aliyeuliza swali alijibiwa kabla ya chakula cha mchana, hatua kwa hatua, kama mtu anayeonyeshwa kushika patasi. Bilali, dereva wa lori wa Kibaha, aliingia akabaki. Siku aliposhinda mechi yake ya tano mfululizo alimpelekea mzee golikipa chipukizi wa miaka kumi na saba, akaandika, "Kilemba chako, fundi." Hakuna aliyemwomba.

Silvanus alisoma hilo akiwa masijala, jalada la mtu wazi mbele yake, na akaona wivu kama kidonda. Yeye alikuwa bado anapandisha ubao juu kila siku mbili tatu, kuangalia kama mzee amekumbuka. Siku zilipita, wiki zikawa saba. Mzee alimjibu kila mtu kuhusu kila kitu. Alimjibu hata Silvanus, siku moja, kuhusu tarehe ya mechi. Shikamoo ile hakuigusa.

Kwa hesabu walikuwa tisa tena, na msimu ulikuwa umebakiza wiki tano. Ndipo akaingia wa kumi, Fadhila, binti wa miaka kumi na tisa anayesoma chuo huko Tumbi. Bila yeye, Jumamosi ya mwisho ingewakuta tena wanasaka watu kwenye pikipiki. Wote walimkaribisha. Eugenia alimweleza mambo matatu. Mzee Calist alimwonyesha jinsi ya kubadilisha golikipa.

Fadhila alikuwa mtoto wa watu, amelelewa akaleleka. Usiku wake wa kwanza alisoma ubao wote tangu mwanzo, kama mtu anayeingia nyumba ngeni na kutaka kujua nani ni nani, na asubuhi akakuta kitu kimoja kinamkera. Akaandika chini ya ujumbe wa wiki saba:

"Marahaba kaka Silvanus. Naitikia kwa niaba ya mzee, naona salamu yako imekaa sana bila kujibiwa na si vizuri."

 Silvanus alijua kwamba wote wanasoma, Khalfani, Hashiru, Eugenia na mguu juu ya cherehani, na kule Kisarawe mtu mmoja mwenye miwani mipya. Alingoja mzee amkanye binti, aseme salamu ile ni yangu, niachie. Mzee hakuandika kitu. Binti wa miaka kumi na tisa alikuwa ameichukua shikamoo yake, akaipokea, na mwenyewe mwenye nayo akaiacha ichukuliwe.

Vidole vya Silvanus vilikuwa na majibu. Zamani angempiga binti yule kumi bila, akamnyang'anya winga wake, akamwambia akalale, na ifikapo jioni nafasi yake ingekuwa wazi. Alihesabu majina ubaoni, yakawa kumi. Alihesabu tena.

Akaandika: "Karibu Fadhila. Wiki ya kwanza hakuna atakayenunua mchezaji wako. Ukiwa na swali, uliza."